Anza na Daftari: Namna ya Kujitengenezea Kitabu na Vifaa vya Ibada ya Wika

Wengi wanaonijia kuuliza waanzie wapi katika njia hii huja na kitu mkononi tayari. Mmoja ana kisu chenye mpini mweusi, mwingine jiwe la zambarau, mwingine karata za taroti ambazo bado hazijatolewa kwenye boksi. Mimi huuliza swali moja tu: daftari lako liko wapi? Mara nyingi halipo. Basi tunaanzia hapo.

Kazi inayonilisha ni kujalidi vitabu. Ibada yangu naifanya peke yangu, bila kundi, na huu ni mwaka wa kumi na nne. Karibu kila kilicho juu ya madhabahu yangu nimekitengeneza kwa mikono yangu. Vifaa vya kununua si vibaya, lakini mkono ukishinda na kipande cha mti kwa wiki tatu, unakuwa umeshajua ni cha kazi gani kabla hujakiweka mezani.

Niseme jambo moja kuhusu maneno. Kiswahili kikisema uchawi kinasema kudhuru, na mchawi ni anayeroga. Ninachokiandikia hapa ni upagani wa kisasa, na hasa Wika, dini iliyojitokeza hadharani Uingereza katikati ya karne ya 20. Wafuasi wake wengi humheshimu mungu wa kike na mungu wa kiume, hufuata mwezi na majira ya mwaka, na hushika kanuni ya kutomdhuru mtu. Anayetafuta namna ya kumfunga mwenzake au kumlipizia kisasi, hapa hataipata.

Vitabu vya kusoma kabla ya kununua chochote

Vitabu vinavyouzika sana ni vya orodha: jiwe hili la mapenzi, jani lile la fedha. Usianze navyo. Anza na kitabu kitakachokuambia ukweli kuhusu dini hii ilikotoka, maana wapo wauzaji ambao bado wanaiuza kama dini ya siri iliyodumu tangu enzi za mawe bila kukatika. Mwanahistoria Ronald Hutton aliichambua habari hiyo katika The Triumph of the Moon, kilichotoka mwaka 1999, na ukikimaliza hudanganyiki tena kirahisi. Utajua kwamba nadharia ya Margaret Murray ya mwaka 1921, iliyodai kuwa walioshtakiwa kwa uchawi huko Ulaya walikuwa waumini wa dini moja ya kale, haikusimama. Utajua pia kwamba ile hesabu ya watu milioni tisa waliochomwa moto haina msingi. Makadirio ya wanahistoria wa leo huwa kati ya 40,000 na 60,000 waliouawa. Hao wanatosha kuliliwa bila kuongezewa idadi.

Kinachobaki ukishapepeta kinanigusa kuliko hekaya yoyote. Gerald Gardner, mtu aliyeitoa Wika hadharani, alizaliwa mwaka 1884; alikuwa ofisa wa forodha Malaya, mpenzi wa silaha za jadi, na mwaka 1936 alichapisha kitabu kuhusu kris, jambia la Wamalay. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1735 kuhusu uchawi ilipofutwa mwaka 1951, njia ilifunguka, na mwaka 1954 akatoa Witchcraft Today. Doreen Valiente alikuwa ameingia kundini mwake mwaka 1953. Alipolisoma daftari la ibada la Gardner, lile linaloitwa Kitabu cha Vivuli, alitambua ndani yake maneno ya Aleister Crowley, mwandishi Mwingereza wa mambo ya siri, na ya wengine, akamwambia hivyo usoni. Gardner akamwachia kalamu aandike bora zaidi kama anaweza. Akaweza. Sehemu kubwa ya maneno yanayopendwa katika ibada za Wika hadi leo yalipita mkononi mwake.

Kwa hiyo daftari lililo mama wa madaftari yote haya lilikuwa na mistari iliyokatwa na kuandikwa upya na mtu aliyethubutu kusema kwamba hapa pana kasoro. Na lako lifanye hivyo.

Kwa matendo yenyewe, mtu wa peke yake atafaidika na Wicca: A Guide for the Solitary Practitioner cha Scott Cunningham, cha mwaka 1988. Ni kitabu kifupi, kina upole, na hakimtishi msomaji. Anayependa kufundishwa hatua kwa hatua kama darasani achukue Buckland's Complete Book of Witchcraft cha Raymond Buckland, cha mwaka 1986, kina masomo 15, ila sehemu za historia azisome akiwa na Hutton pembeni. Vitabu vya mitishamba ya kiibada visomwe kama vitabu vya ishara. Mwandishi akisema jani fulani ni la ulinzi, hajasema ni salama kulinywa.

Kushona daftari

Daftari langu la kwanza lilikuwa la dukani, limebandikwa mgongoni kwa gundi tupu. Nililiweka karibu na mishumaa. Gundi ikalainika, ikakauka, ikapasuka, na usiku mmoja nikiwa katikati ya sala kurasa za kati zikatoka zote kwa pamoja na kutawanyika sakafuni, nyingine zikaangukia kwenye bakuli la maji. Maandishi ya miezi saba yaligeuka madoa ya buluu. Niliketi pale chini nikizipanga kwa kukisia, na nyingine sikuzijua tena tarehe zake.

Mshono ninaoupendekeza ni ule wa Wakopti, Wakristo wa Misri waliojalidi hivyo tangu karne za mwanzo. Mgongo hauna gundi. Kitabu kikifunguliwa kinalala sawasawa mezani, kurasa hazijikunji, na mikono yako yote miwili inabaki huru. Mtu anayesoma huku ameshika mshumaa ataelewa haraka faida yake.

Chukua karatasi 20 za A3, za gramu 100 au 120, ukate kila moja katikati upate A4 40. Usichukue A4 za kawaida ukazikunja hivyohivyo. Karatasi ina nyuzi zake kama ubao, na kwenye A4 nyingi nyuzi zinakwenda kwa urefu, kwa hiyo ukizikunja katikati unavunja nyuzi na kurasa zitakuwa zinabisha kila ukizifungua. A3 iliyotengenezwa kwa namna hiyohiyo, ukiikata katikati, inakupa nyuzi zinazofuata mgongo wa kitabu. Ili uhakikishe, ipinde karatasi polepole bila kuikunja, kwanza huku, kisha kule. Upande inakopindika bila ubishi ndiko mkunjo utakakokwenda.

Panga karatasi nne nne, uzikunje pamoja, na upitishe mgongo wa kijiko juu ya mkunjo hadi uwe mkali. Hilo ni fungu moja, lenye kurasa 16. Utapata mafungu 10, kurasa 160. Yalaze usiku kucha chini ya kitu kizito.

Kata kipande chembamba cha kadibodi chenye urefu wa daftari, yaani milimita 210, utie alama kwenye 15, 60, 105, 150 na 195. Hiki ndicho kipimo chako. Kiweke ndani ya mkunjo wa kila fungu na utoboe kwa maharazi au sindano nene, ukilenga kwenye mkunjo wenyewe. Ukiteleza milimita mbili, kitabu kizima kitakuonyesha. Majalada mawili ya kadibodi ngumu ya milimita 2 au 3 yatobolewe kwa vipimo hivyohivyo, sentimita moja kutoka ukingoni. Kama unataka kuyavalisha kitambaa au karatasi nzuri, yavalishe kwanza, yakauke, ndipo utoboe.

Uzi uwe wa kitani. Upitishe mara mbili juu ya donge la nta ya nyuki ili usijisokote wala kuteleza. Kata mita moja na nusu, na ukikwisha ungia mwingine ndani ya fungu, mahali ambapo fundo halitaonekana.

Sasa shona. Laza jalada la nyuma mezani na fungu la kwanza juu yake. Toa sindano kutoka ndani ya fungu kupitia tundu la kwanza, ukiacha mkia wa sentimita 10 ndani. Ipitishe sindano kwenye tundu la jalada kutoka nje, itokee kati ya jalada na karatasi, kisha irudi ndani ya fungu kwa tundu lilelile. Funga na ule mkia. Nenda tundu la pili, ufanye vilevile: toka, zunguka jalada, rudi. Ukifika tundu la tano, usirudi ndani ya fungu hilo. Panda moja kwa moja uingie tundu la tano la fungu la pili. Kuanzia hapa hakuna tena jalada la kuzunguka. Kila unapotoka tunduni, pitisha sindano nyuma ya mshono ulio chini yake, kisha rudi ulikotoka. Mishono itaanza kushikana kama mnyororo, pete ndani ya pete. Fungu la 10 shona pamoja na jalada la mbele, kama ulivyofanya mwanzo.

Mzee aliyenifundisha ufundi huu alikuwa akinikalisha mkono wa kulia kwake, na kila nilipovuta uzi kwenda juu alinigusa kiwiko. "Vuta kuelekea unakokwenda, mwanangu," alikuwa akisema. "Ukivuta juu unaichana." Ni kweli. Uzi ukivutwa sambamba na mgongo unakaza mshono. Ukivutwa kwenda juu unakata karatasi kama kisu, na tundu likishakatika halishiki tena. Kaza kidogo kila tundu, usingoje mwisho.

Kazi hii itakuchukua siku mbili kama hujawahi kuifanya. Usiye na subira nayo tumia faili la pete, na sisemi hivyo kwa kukudharau. Nina faili la pete mimi mwenyewe, ndilo ninaloandikia kwanza, kwa sababu kurasa zake zinahamishika. Kitabu kilichoshonwa ni cha yale yaliyokwisha kupita kwenye faili na kuonekana yanafaa kubaki.

Kitu cha kuandika ndani yake

Andika kwa kalamu yenye wino usioyeyuka kwenye maji, au kwa penseli, ambayo haiogopi maji kabisa. Zipo wino zinazouzwa kwa majina makubwa, kama ile ya damu ya joka. Damu ya joka ni utomvu mwekundu wa mti, rangi yake inapendeza kwa mchoro wa ukurasa wa kwanza, lakini usiitegemee kwa maandishi ya kila siku.

Wengi wanapenda kuandika kwa alfabeti ya Thebes, zile herufi za siri zilizochapishwa na Johannes Trithemius mwaka 1518. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Sikuwahi kuurudia ukurasa hata mmoja, kwa sababu kuusoma kulikuwa kazi. Andika kwa lugha unayoiota usiku. Daftari lifiche kwa kulifungia kabatini, maandishi yake yaache wazi.

Kila ukurasa wangu wa ibada una mambo haya: tarehe na saa, siku ya mwezi katika mzunguko wake wa siku 29 na nusu, hali ya hewa na hali yangu mwenyewe, nia katika sentensi moja, nilichofanya na nilichotumia. Kisha napiga mstari katikati ya ukurasa, na nusu ya chini naiacha tupu. Juu yake naandika: baada ya mwezi mmoja. Mwezi ukizunguka narudi na kuijaza, hata kama cha kusema ni kimoja tu.

Nusu hiyo tupu ndiyo iliyonifunza kuliko kitabu chochote nilichotaja hapo juu. Katika daftari la tatu nina kurasa kumi na moja za ibada ya kuomba usingizi, na chini ya kila moja nimeandika "hakuna kilichobadilika". Nilipoziweka sambamba niliona kwamba zote zilianza baada ya saa sita za usiku. Nikaihamishia ibada ile kwenye machweo na kulala mapema. Ukurasa wa kumi na mbili una jibu tofauti. Bila zile saa zilizoandikwa nisingeliona jambo hilo kamwe.

Kalenda ya sikukuu nane nayo iandike kwa mkono, lakini kwanza angalia uko upande gani wa dunia. Tarehe zilizomo vitabuni ni za kaskazini: Samhain 31 Oktoba, Yule, sikukuu ya usiku mrefu kuliko yote, karibu na 21 Desemba, Imbolc mwanzoni mwa Februari, Ostara karibu na 21 Machi, Beltane 1 Mei, Litha karibu na 21 Juni, Lughnasadh 1 Agosti, Mabon karibu na 22 Septemba. Wafuasi wengi wa kusini huzigeuza kwa miezi sita, ili Yule iangukie usiku mrefu kweli. Na palipo karibu na mstari wa ikweta, ambako usiku na mchana hulingana karibu mwaka mzima, andika majira unayoyaona kwa macho yako: mvua inapoanza, mti fulani unapopukutika, upepo unapogeuka.

Fimbo

Kati ya vifaa vyote, fimbo ndiyo ninayomshauri mtu aanze nayo, kwa sababu inahitaji kisu, msasa na uvumilivu tu. Desturi inasema urefu wake uwe kutoka kiwiko chako hadi ncha ya kidole cha shahada. Unene usizidi kidole gumba.

Tafuta tawi lililoanguka lenyewe. Likiwa bichi, paka nta kwenye ncha zote mbili na uliweke kivulini kwa miezi kadhaa, maana mti ukikauka haraka unapasuka kuanzia nchani. Hakikisha unaujua mti huo. Mioleanda na miyuu ina sumu, na vumbi lake si la kuvuta puani. Usioujua uache, na hata kwa unaoujua funika pua na mdomo wakati wa kupiga msasa.

Menya gome kwa kisu ukisukuma kutoka kwako, mkono ulioshika fimbo ukiwa nyuma ya makali siku zote. Utafika mahali penye fundo la tawi. Usilichonge likaisha. Fuata mzunguko wa nyuzi zake, lizungushie kisu taratibu, na mara nyingi hapo ndipo kidole chako kitapata pa kukaa. Fimbo yangu ina fundo moja, robo ya urefu kutoka chini, na gumba langu limelilainisha hadi limekuwa jeusi na linang'aa kuliko sehemu nyingine yoyote. Sikulipangia hivyo nilipokuwa nachonga.

Piga msasa namba 120, kisha 240, kisha 400, ukifuata nyuzi. Paka mafuta ya kitani kwa kitambaa, tabaka jembamba kabisa, acha siku moja, rudia mara tatu. Kitambaa ulichopakia usikikunje ukakitupa pipani. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kizamishe ndani ya maji. Hili wauzaji wa fimbo hawana haja ya kukuambia, lakini wewe unayetengeneza ni lazima ulijue.

Kisu, kikombe, na mengine nitakayoyapitia haraka

Athame ni kisu cha ibada chenye mpini mweusi na makali pande mbili. Kisu cha mpini mweusi kimo katika Ufunguo wa Sulemani, kitabu cha kale cha mambo ya siri ambacho Samuel Mathers alikitoa kwa Kiingereza mwaka 1889, na pamoja nacho kimo kisu cha mpini mweupe. Kazi ya athame ni kuelekeza, kuchora duara hewani, haikati kitu. Kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya kuwa kikali. Changu nilikifanya butu kwa tupa. Nchi nyingi zina sheria kali kuhusu kutembea na kisu, basi kibaki nyumbani. Kilichochongwa kwa mbao kinafanya kazi ileile. Cha mpini mweupe, bolini, ndicho cha kukatia majani na uzi, na hicho kiwe kikali kweli.

Kikombe chochote unachokipenda kinafaa, mradi kiwe hakitumiki kwingine. Chungu cha chuma kinafaa kuchomea karatasi, kikiwa na miguu au kikiwa juu ya tofali. Ufagio ni wa kufagia. Mawe sitayasemea mengi: uliza yalichimbwa wapi, na asiyeweza kukujibu usinunue kwake.

Nyota ndani ya duara

Hiki ni kisahani cha mbao, udongo au shaba, chenye nyota ya pembe tano, kinachokaa katikati ya madhabahu kuwakilisha ardhi. Wengi huichora kwa kukisia, nyota ikatoka imelegea upande mmoja. Fanya hivi. Chora duara kwa bikari yenye upana wa sentimita 7 kutoka katikati. Tia nukta juu kabisa. Fungua bikari kwa sentimita 8.2, weka sindano yake kwenye nukta hiyo na utie alama kwenye duara, sogea kwenye alama, tia nyingine, hadi upate tano. Ya mwisho inapaswa kukurudisha ulipoanza. Sasa unganisha kila nukta na ile inayofuata baada ya kuruka moja, bila kuinua penseli. Kwa duara la ukubwa mwingine, zidisha umbali wa kutoka katikati kwa 1.176 upate ufunguo wa bikari. Ukiridhika chonga mistari kwa kisu chembamba, au uichome kwa kalamu ya kuchomea mbao. Milimita moja ya kina inatosha.

Mishumaa na ubani

Hapa ndipo nyumba huungua, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Mshumaa mwepesi kuliko yote ni wa kuviringisha. Karatasi ya nta ya nyuki iliyopigwa chapa ya masega, weka utambi ukingoni, viringisha kwa kubana ukiwa mahali penye joto kidogo ili isipasuke. Dakika tano, umemaliza. Ukitaka kumimina, nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64. Iyeyushe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, na usiiache hata kwa sekunde za kufungua mlango. Nta ikishika moto, usimwagie maji. Funika kwa mfuniko na zima jiko.

Kuchora ishara juu ya mshumaa tumia sindano yenye uvuguvugu, ukianzia juu kama jambo unalitaka lije, na chini kama unalitaka liondoke. Hiyo ni desturi yangu, vitabu vingine vitasema kinyume, na wewe andika tu jinsi ulivyofanya. Kisha paka mafuta tone moja tu, kwa vidole viwili.

Majani makavu usiyabandike kwenye mshumaa. Picha za namna hiyo zinavutia sana na ninajua kwa nini watu huziiga; niliwahi kuviringisha mshumaa ndani ya rozimari na mnanaa uliokaushwa. Ulipofika robo, majani yakawa tambi ishirini kwa mara moja. Moto ulipanda urefu wa mkono, ukaniachia ukutani doa jeusi ambalo halikutoka hata baada ya rangi mbili. Majani yaweke kwenye sahani, kuuzunguka mshumaa kwa mbali.

Ubani wa kuchoma juu ya makaa tutengeneze hivi: sehemu mbili za utomvu, sehemu moja ya mti wa kunukia, nusu sehemu ya majani. Utomvu ni ubani wenyewe, manemane, au sandarusi. Mti ni sandali iliyosagwa. Majani ni rozimari au mrehani. Utomvu uweke kwanza mahali pa baridi kali kwa nusu saa ndipo uutwange; ukiwa na joto unagandamana kwenye kinu na mchi wako hautatoka safi. Twanga kwa kugonga, si kwa kuzungusha, hadi upate chembe za ukubwa wa mchanga mnene. Changanya, tia ndani ya chupa yenye mfuniko, uache wiki mbili kabla ya kutumia. Harufu zikikaa pamoja zinapatana. Chetezo kijazwe mchanga vidole viwili kabla ya kaa kuwekwa, maana kaa huweza kupasua chombo kitupu cha udongo. Fungua dirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na manukato hayaiondoi.

Kuna mimea ya sumu ambayo vitabu vya zamani huitaja kwa mvuto mkubwa: beladona, akoniti, mandrake. Usiguse, usichome, usipake. Na kuhusu ile sage nyeupe ya kufukizia, ni mmea wa Amerika Kaskazini wenye nafasi yake katika ibada za wenyeji wa huko, na umevunwa mno porini kwa ajili ya biashara. Rozimari iliyofungwa kwa uzi wa pamba na kukaushwa inatoa moshi mzuri, nayo unaweza kuipanda mwenyewe.

Ukurasa wa mwisho

Kabla hujaandika ukurasa wa kwanza, nenda kwenye wa mwisho. Katika makundi mengi yaliyofuata njia ya Gardner, desturi ilikuwa kwamba mtu akifa daftari lake lichomwe. Mwenye kitabu ndiye anayepaswa kuamua, na uamuzi wake auache umeandikwa.

Wangu unasema kitabu hiki ni cha ibada, hakina dhara kwa anayekishika, kisichomwe. Unamtaja mtu wa kupelekewa. Unasema vifaa vipi vizikwe nami na vipi wagawiwe wanaovitaka, na kwamba chupa yenye kifuniko chekundu kwenye rafu ya juu ni ya kutupwa, isinuswe wala kuonjwa. Nausoma upya kila Samhain, na mara mbili nimebadilisha jina.